Kutoka Konde kwa miguu hadi mnara wa Kigomasha, na njia mbili fupi kwa wasiopenda jua

Ukiitazama Pemba kwenye ramani ya simu utadhani imelala bapa kama jamvi. Shuka garini Konde, mji wa kaskazini ya kisiwa, anza kutembea, na robo saa haitopita kabla magoti hayajakueleza ukweli. Kisiwa hakina mlima wa kuitwa mlima, ila kina vilima visivyokwisha. Unapanda penye mikarafuu, unashuka bondeni kwenye mpunga, unapanda tena. Mtu wa Makunduchi au Jambiani kule Unguja, aliyezoea ardhi tambarare ya mawe, huku huhema.

Lakini sijawahi kumuona mgeni akishindwa na vilima. Kinachowashinda ni kupanga safari kwa kilomita. Kaskazini ya Pemba, hasa ukitaka kufika ncha ya Kigomasha, penye mnara wa taa ya kuongozea meli, kwa kupitia pwani, safari hupangwa kwa mwezi wa angani. Kwa hiyo tunaanza huko, kabla ya viatu.

Kwanza, hesabu mwezi

Bahari yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita nne hivi. Mita nne ni nyumba. Ufuo uliopita asubuhi ukicheza na kaa, alasiri unaweza kuwa haupo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na wavuvi wanaijua bila karatasi. Mwezi mosi na mwezi 15 kwa tarehe za Kiislamu, maji hufikia mwisho wa kupwa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kabisa baina ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Mwezi 3 au 17, basi, kupwa kunakaribia adhuhuri. Ikifika mwezi 7 au 8, na vilevile 22 au 23, mambo yamepinduka: saa nne asubuhi bahari imejaa, na kupwa ni alasiri. Hayo ndiyo maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na kwa mtembeaji hayana faida.

Siku za kwenda Kigomasha kwa njia ya pwani ni mwezi mosi hadi 3, na 15 hadi 17. Ukifuata ratiba nitakayotoa chini, utafika ufukweni maji yakiwa mbali. Nje ya siku hizo nenda kwa barabara ya ndani, usijisumbue na mchanga.

Mwaka mmoja nilijifanya mjuzi. Shemeji yangu alikuja kutoka Unguja na nafasi yake ilikuwa Jumapili tu, nayo iliangukia mwezi 12. Nikasema tutawahi. Tulifika ufukweni saa sita, maji yanapanda kwa haraka ya mtu aliyesahau kitu nyumbani, na kufika saa saba tulikuwa juu ya jabali, viatu mkononi, wali wetu umelowa maji ya chumvi. Tulikaa pale mpaka karibu saa kumi. Shemeji hakunisema. Alikuwa akiniuliza tu, kila baada ya dakika kumi, "Leo mwezi ngapi vile?"

Kama huna kalenda ya Kiislamu nyumbani, muulize mvuvi yeyote jioni ya kuamkia safari: "Kesho maji yapwa saa ngapi?" Jibu lake lishike kuliko la simu.

Msimu

Masika, Machi hadi Mei, usiende. Udongo mwekundu wa Pemba ukilowa huwa sabuni, na miteremko ya Konde haina huruma. Vuli ya Oktoba hadi Disemba ni ya kubahatisha: asubuhi jua, alasiri mvua ya ndoo. Mimi napenda Juni hadi Septemba, kipupwe, upepo wa kusi na jua lisilochoma sana. Januari na Februari njia ni kavu lakini joto la kaskazi litakumaliza maji kabla hujafika nusu.

Kuna jambo la msimu wa karafuu lazima ulijue. Kuanzia karibu Julai utaona majamvi yametandazwa kila uwanja, karafuu zimeanikwa, na harufu inakufuata hadi kitandani. Karafuu Zanzibar huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na magendo ya kuvusha kwa madau ni kisa cha miaka mingi. Mgeni mwenye begi kubwa anayepita njia za pwani katika msimu huo anaweza kusimamishwa na kuulizwa. Beba kitambulisho, fungua begi ukiombwa, jibu kwa upole. Wala usiokote karafuu iliyoanguka chini ya mti ukadhani haina mwenyewe. Inayo, na ina jina lake, mpeta, na kuna mtoto au bibi anayeitegemea.

Cha kubeba

Maji lita tatu kwa mtu. Najua ni mazito. Baada ya kijiji cha Makangale usitegemee duka, na madafu hupatikana ukikuta mtu wa kupanda mnazi, si ukiwa na kiu.

Raba zenye soli ya meno kwa barabara na msitu, na makubadhi au ndara za kufunga kwa pwani, kwa sababu jabali la matumbawe hukata kama msumeno. Kofia. Kanga moja hata kwa mwanamme: ni taulo, ni mkeka wa kuswalia, ni kivuli. Chakula kisichoharibika kwa joto: mkate wa ajemi, mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga. Wali usibebe, nimeshasema kwa nini. Noti ndogondogo. Nguo za stara, mabega na magoti yafunikwe, maana utapita katikati ya vijiji na mbele ya skuli na misikiti. Nguo ya kuogea ibaki ndani ya begi mpaka ufuoni.

Ramadhani njia inatembeka, lakini ujue kula na kunywa mbele za watu ni aibu na hutopata mgahawa wazi mchana. Ijumaa nayo iache. Kuanzia saa tano maduka yanafungwa, vijana wa bodaboda wanakwenda kuoga, na wewe utabaki njiani peke yako.

Njia kubwa: Konde, Ngezi, Vumawimbi, mnara

Hatua ya kwanza ni kufika Konde mapema. Kutoka Chake Chake panda gari ya abiria namba 602. Kutoka Wete zipo gari zinazokwenda moja kwa moja. Walio wengi hulala Wete, kwa kuwa Konde si mji wa wageni; ni mji wa soko, wa misikiti na wa watu kutoka mashamba ya jirani. Ukiwa na jamaa Konde, lala kwake, na usiende mikono mitupu.

Kabla ya kuondoka, nenda kijiweni pa bodaboda, chagua kijana mmoja, patana naye bei ya kukufuata mnarani au Makangale jioni, chukua namba yake. Patana asubuhi. Jioni, ukiwa na vumbi na uchovu, bei hupanda kama maji ya bamvua.

Ondoka Konde karibu saa moja asubuhi, baada ya chai na vitumbua. Kutoka hapo hadi lango la msitu wa Ngezi ni kama kilomita nne, njia ya mashamba, na kila utakayekutana naye atakuuliza, "Wenda wapi?" Si upelelezi. Jibu kamili: salamu kwanza, kisha unakotoka, unakokwenda, na utarudi lini. Ukijibu "natembea tu" utaonekana mtu wa ajabu, na zaidi ya hapo umejinyima faida, kwa sababu watu wale wale ndio watakaosema jioni, "Ndiyo, alipita hapa, alikwenda mnarani." Mzee mmoja aliwahi kunikalisha barazani kwake na kunipa maji. Nikamwambia nina haraka. Akasema, "Mwanangu, mnara una zaidi ya miaka mia pale. Utaukuta."

Langoni jiandikishe, lipa kiingilio, dai risiti. Barabara kubwa inayopita msituni ni ya wote, lakini ukitaka kuingia njia za ndani lazima uende na mtembezaji. Mchukue. Peke yako utaona miti. Ukiwa naye utaona msitu.

Hapa usikimbie. Ngezi ni kama hekta 1,440, na ndiyo bakio kubwa la msitu uliowahi kukifunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya miti kukatwa kupisha mikarafuu katika karne ya 19. Mivule ya humo shina lake halikumbatiki kwa watu wawili. Muombe mtembezaji akuoneshe mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba wenye pete shinani, ambao asili yake ni Pemba. Ndege nao: wapo wanne ambao nchi yao ni Pemba peke yake, ninga wa kijani, bundi mdogo, chozi na kijicho-cheupe mdogo wa manjano. Sababu iko baharini. Mkondo baina ya kisiwa na bara una kina cha mamia ya mita, na Pemba imekaa peke yake muda mrefu kuliko Unguja, kwa hiyo viumbe wake wameshika njia zao wenyewe. Bundi humuoni mchana, labda mtembezaji awe anajua mti alipolala. Ukibahatika kuona kima punju, ujue hao ni wahamiaji: waliletwa kutoka msitu wa Jozani, Unguja, miaka ya 1970, na wachache wao wamebaki.

Ongea taratibu na usiguse vilivyowekwa chini ya miti mikubwa, vitambaa, vyetezo au makombe. Ni mahali pa watu pa mizimu. Kama unaamini au huamini, hilo ni lako. Vitu si vyako.

Toka msituni kabla ya saa tatu u nusu. Barabara inaendelea kaskazini, jua limeanza kuwa kali, na upande huu wa kisiwa utaona pia mashamba ya mipira, miti iliyopangwa kwa mistari yenye makovu shinani. Hapa hakuna cha kusimamia. Tembea.

Mbele kuna mchepuko wa kulia wa kushukia Vumawimbi. Uulizie, watoto wote wanaujua. Njia ya moja kwa moja inakwenda kijiji cha Makangale na kuendelea hadi ncha. Hiyo ndiyo njia yako ikiwa hesabu ya mwezi haikukubali.

Vumawimbi ni ghuba ndefu ya mchanga mweupe iliyoelekea mashariki, na jina lake limejieleza: wimbi linavuma. Ukifika saa nne u nusu siku ya mwezi 15, bahari utaisikia zaidi ya kuiona. Vua raba. Tembea kaskazini kwenye mchanga uliolowa, ule mgumu, si ule mlaini wa juu unaokula ndama za miguu. Hapo ndipo utakapotembea mwendo mzuri kuliko wote wa siku. Wavuvi wakiwapo na madau yao yamepandishwa, salimia, usiwapige picha kabla ya kuomba. Penye mwamba, vaa makubadhi na pita chini ukiona mwamba umekauka. Ukikuta maji yameshagusa mguu wa jabali, usijadiliane nayo, panda juu ushike njia ya ndani. Mimi sasa nina sheria moja: saa saba mchana ikinikuta bado niko mwambani, natoka, hata kama mnara nauona.

Mnara wa Ras Kigomasha ni wa chuma, wa mwaka 1900, zama za Waingereza. Unapofika muulize mtunzaji kama inawezekana kupanda siku hiyo. Ukiruhusiwa, ngazi ni nyembamba na joto ndani ni la tanuri, kwa hiyo begi liache chini. Juu utauona Mkondo wa Pemba upande wa magharibi, buluu nzito karibu nyeusi, na upande wa mashariki maji ya ghuba uliyotoka, rangi ya jani changa. Mpe mtunzaji kitu cha chai. Wapo wanaokuja mpaka hapa kwa gari ya baridi, wakapiga picha chini ya mnara injini ikiwa inanguruma, wakageuza. Siwalaumu, ila nadhani wameona chuma tu.

Kula, swali, pumzika kivulini hadi jua lipungue.

Kurudi, usirudi Vumawimbi, maji yanajaa. Shuka upande wa magharibi kuelekea Verani ikiwa miguu bado ina nguvu. Kwenye pwani hiyo hiyo kuna Panga ya Watoro, na kwa asiyejua lahaja, panga si upanga, ni pango: pango la waliotoroka. Kwenye hoteli za upande huo usikatize bustani za watu. Zunguka kwa njia ya kijiji. Kisha mpigie kijana wako wa boda. Kutoka langoni Ngezi hadi mnarani ni karibu kilomita kumi, na kuzirudia zote kwa miguu hadi Konde, juu ya zile za asubuhi, ni kazi ya mtu aliyeweka nadhiri. Jua linazama baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima, na barabara ya msituni hujaa giza mapema zaidi.

Njia fupi ya mashariki: Tumbe na Chwaka

Hii ni ya nusu siku na haidai hesabu kubwa. Kutoka Konde elekea mashariki, mwendo wa saa moja na ushei, hadi Tumbe, kijiji kikubwa cha wavuvi. Lenga kufika asubuhi wakati vyombo vinarudi, uone mnada wa samaki ufukweni. Simama pembeni, watu wako kazini. Ukitaka kununua, mwachie mwenyeji apige bei.

Kutoka Tumbe ulizia "magofu ya Chwaka" au "kwa Haruni". Usiseme Chwaka peke yake kama uko na mtu wa Unguja, atakupeleka kwingine. Njia inapita mashambani, kwenye mihogo na minazi, halafu unakutana na kuta za msikiti na makaburi ya mawe, moja lina nguzo. Masimulizi yanasema huyo Haruni ni mtoto wa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini aliyesifika kwa ukali. Karibu yake yapo makaburi ya Wamazrui wa Mombasa, ambao waliwahi kuitawala Pemba.

Lililonishangaza mimi si makaburi. Waakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba eneo hili na kuonesha kwamba Tumbe ilikuwa mji tangu karne ya 7 hadi ya 10, ikaachwa, kisha Chwaka ikasimama jirani yake kuanzia karne ya 11. Tumbe ya kale walipata vigae vingi vyenye mifereji, vya kusugulia na kulainisha shanga za makombe. Yaani pale unapopita ukiangalia chini usikanyage mbigiri, watu walikuwa na karakana zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ukiona kigae chini, kitazame, kiache palepale.

Kanzu au shati la mikono mirefu litakufaa. Majani ya huko yanawasha.

Jioni moja: Kidike

Hii si njia ya kutoka Konde, lakini iko njiani ukirejea Chake kwa barabara ya zamani ya Wete, gari ya 606. Shuka njia ya Kidike, upande wa Mjini Ole, utembee ndani ya mikarafuu hadi kwenye miti ya popo. Popo wa Pemba, mabawa yake yakinyooshwa hufika mita 1.6, hapatikani kwingine duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliobaki walikuwa wachache mno, kwa sababu nyama yake ilikuwa kitoweo. Vijiji vikakubali kuwalinda, na sasa wamepindukia 20,000.

Nenda kuanzia saa kumi jioni, lipa mchango wa kijiji, usipige makofi ili waruke. Kuna wageni hufanya hivyo na ni ushenzi. Watu wengi huondoka wakishapata picha ya popo wananing'inia. Subiri magharibi, waanze kuondoka mmoja mmoja kwenda kutafuta maembe na shelisheli. Gari ya kurudi wakati huo ni ya shida, kwa hiyo patana mapema na kijana wa boda akungojee barabarani, na kwanza mlipe nusu tu.